Niliipima nikasema "moto upo": jinsi ndege ya Bura ilivyoanguka pale Nakwa

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni yule fundi wa Babati ambaye huwa nachangia kwenye nyuzi za simu na redio za watu. Leo naleta wa kwangu. Nitakachoandika ni kweli yote, na sehemu inayoniaibisha sijaikata. Mhusika mwenyewe nimemwomba ruhusa akanipa, ila alisema nisimfanye mtakatifu.

Mods wakiona haukai jukwaa la teknolojia wauhamishe tu. Hata mimi sijui ukae wapi. Unahusu umeme wa ndege ya rimoti, na unahusu macho ya mtu.

Twende.

Nina kibanda cha ufundi karibu na soko hapa mjini. Simu, redio, subwoofer, chochote chenye waya. Mimi ni wa kuja, nimezaliwa Singida, lakini Babati imenilea na kunioza.

Rafiki yangu ninayemzungumzia anaitwa Bura. Ni Mgorowa, mzaliwa wa hapa hapa, seremala. Karakana yake iko Bagara. Vitanda, makabati, milango, na majeneza siku zikidai.

Tulijuana kwa redio yake. Aliileta imepasuka vipande, nikamuuliza, "Hii redio ulikuwa unaipiga randa?" Akacheka mpaka akakaa chini. Amenizidi miaka kumi hivi, kwa hiyo siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba vizuri tu. Siku ya pili akaikataa. "Mtu unanitania namna hii halafu unaniamkia? Chagua moja." Nikachagua utani.

Siku moja akanikuta naangalia video ya jamaa anarusha ndege ndogo kwa rimoti. Akasimama nyuma yangu. Akasogeza uso mpaka karibu kugonga kioo cha simu. Ilipoisha akasema irudie. Nikairudia mara nne.

Halafu akasema, "Hiyo mbao iliyo ndani ya bawa, mimi nachonga nyembamba kuliko hiyo."

Ndivyo tulivyoanza wakuu. Hakuna mkutano wala mpango kazi.

Mwanzoni niliagiza ndege ndogo ya foam kutoka Dar, ikaja kwa basi ndani ya boksi la viatu. Nikajifunzia kwenye malisho ya Nakwa, pale uwanda unapoelekea ziwani. Niliangusha mara nyingi kuliko nilivyotua. Gundi iliyokuwa mle ilikuwa nzito kuliko ndege yenyewe.

Bura alikuwa anakuja kila Jumamosi. Ndege ikipanda ananiuliza, "Iko wapi?" Namwonesha kwa kidole. "Siioni." Namwonesha tena. "Siioni, Fundi."

Nikamtania, "Nunua miwani mzee, uzee ndio huo." Siku hiyo hakucheka.

Akaniambia wakati tunarudi, tena kwa kawaida tu, kama mtu anayesema mbao zimepanda bei. Ana presha ya macho. Amegunduliwa miaka kadhaa nyuma, anatumia dawa ya matone.

Kwa wasiojua, ugonjwa huo hauumi. Unakula pembeni kwanza, polepole, mwenyewe hushtuki. Bura alikunja kiganja kama bomba, akakiweka jichoni, akachungulia. "Naona hivi. Katikati kuzuri tu. Ila bomba linazidi kuwa jembamba." Kilichokwisha kuharibika hakirudi. Matone na upasuaji ni vya kulinda kilichobaki.

Nikasema pole.

Akasema, "Pole weka. Mimi nataka ndege kubwa. Niichonge mwenyewe, niione ikiruka kwa macho yangu kabla bomba halijaziba. Hii yako ni mbu."

Naomba mlishike hilo kwa sababu kila kitu kilichofuata kimetoka hapo. Kama macho yake yangekuwa mazima, ile ndege ndogo ingetutosha.

Tulijenga karibu mwaka. Mwili wa foam iliyokuja na majokofu, mbao laini ndani. Bura alikuwa anachonga huku anapima kwa ncha za vidole. Mimi nikajua ni ufundi wa seremala mkongwe. Mabawa kutoka ncha hadi ncha yalimzidi yeye urefu. Chini tukapaka rangi ya chungwa inayowaka, yeye ndiye aliyeichagua, ili akiangalia juu imvute jicho.

Tukaiita Korongo, kwa yule ndege mwenye miguu mirefu.

Mke wake, Mama Paskalina, alituletea chai karakanani, tukamwambia jina. Akatuangalia. "Katika majina yote mmeona korongo? Haya. Itaishia korongoni."

Tulicheka sana. Huku kwetu kila mtu anajua korongo la pili ni lipi, lile bonde lililochimbwa na maji ya mvua ambalo ng'ombe wakitumbukia mnaitana kijiji kizima.

Sasa nije kwenye umeme. Wataalamu mnisamehe, naeleza kwa ajili ya wote.

Ndani ya ndege kuna receiver. Hiyo ndiyo inayosikia rimoti. Kuna servo, vimota vidogo vyenye mkono, kila kimoja kinavuta waya na kugeuza kipande cha bawa au cha mkia. Halafu kuna betri moja kubwa inayozungusha mota ya pangaboi.

Receiver na servo hazili umeme wa betri kubwa moja kwa moja, zitaungua. Zinataka volt tano. Kwa hiyo kwenye kile kifaa kinachoendesha mota kuna kisehemu kinaitwa BEC, kinashusha umeme na kuzilisha. Mdomo mmoja unalisha wote. Ukizimika huo, ndege haisikii na haigeuki. Inabaki jiwe.

Korongo ilikuwa na servo sita, zenye nguvu, za gia za chuma, kwa sababu ndege ni kubwa. BEC yangu ilikuwa ya ampea tatu, ya zile zinazoshusha umeme kwa kuugeuza joto. Karatasi yake ilisema usizidishe servo ndogo nne. Niliisoma. Naapa niliisoma.

Lakini mimi ni fundi wakuu. Fundi haamini karatasi, anaamini mita.

Nikachukua mita, nikagusisha nyaya pale receiver inapolishwa. Volt tano kamili. Nikachezesha servo moja, ikaitika. Ya pili, ikaitika. Zote sita, moja moja. Nikamwambia Bura neno ambalo fundi yeyote wa nchi hii amelisema mara elfu.

"Moto upo."

Mnajua lilivyo hilo neno. Fundi akisema moto upo, yaani umeme unafika, mjadala umefungwa. Mteja anatulia, kama tatizo lipo basi liko kwingine. Na mimi nimekula kwa neno hilo miaka kumi na tatu.

Bura akaitikia, "Kama upo, upo."

Hapa kuna jambo lingine linaenda sambamba, na ndilo linaloniuma.

Bura alikuwa na tarehe ya upasuaji kwenye hospitali kubwa nje ya mkoa. Tarehe ikafika wakati Korongo imebakiza mkia na nyaya. Akanijia kibandani. "Nimemwambia Mama Paskalina kwamba hospitali wamesogeza tarehe. Hawajasogeza. Mimi ndiye nimesogeza. Nikienda watanifunga macho wiki kadhaa, na wakikosea nimekwisha. Nataka niione kwanza."

Wakuu, ningeweza kusema mengi. Nilisema, "Tarehe za hospitali zipo tu. Tumalize Korongo."

Nilitaka iruke. Nikiwa mkweli, huenda niliitaka kuliko yeye. Ilikuwa ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, na nilikuwa nimechoka na vioo vya simu.

Halafu zikaja mvua, ukapita mwezi, ukapita mwingine.

Kila asubuhi nikipita Bagara namuuliza kwa mlangoni, "Macho vipi?" Anajibu, "Yapo." Wakati mwingine ananyoosha mkono kuelekea mlimani. "Si ile Kwaraa pale?" Naangalia, kweli ni Kwaraa. Naridhika, naondoka.

Sikufikiria kwamba mtu aliyezaliwa Babati anaweza kukuonesha mlima Kwaraa akiwa amefumba macho.

Siku ikafika. Jumamosi, kama saa tatu asubuhi, Nakwa. Jua zuri, mvua imekwisha, majani mafupi. Kulikuwa na upepo kidogo kutoka ziwani, siyo wa kutisha. Mama Paskalina alikuja na chupa ya chai na maandazi, akakaa kwenye kanga nyuma yetu. Nyuma yake kuna kamwinuko, na nyuma ya kamwinuko lipo korongo. Mmeshaelewa.

Nikachomeka betri. Nikapima tena. Volt tano. Nikachezesha moja moja.

"Vipi?" akauliza Bura.

"Moto upo."

Akashika bawa kwa mikono miwili, akaliachia polepole, kama mtu anayemwachia mtoto anayejifunza kutembea.

Ikakimbia kwenye majani, ikanyanyuka.

Sijui niwaeleze vipi. Kitu kilichokuwa boksi la jokofu na mbao za dari kilikuwa juu, kinageuka, tumbo la rangi ya chungwa linawaka juani. Nikacheka peke yangu.

"Iko wapi?"

"Juu ya ule mgunga, kushoto kidogo."

Akaweka kiganja juu ya macho. Akatafuta. Akahamisha kichwa polepole, huku na huku, namna anavyofanya.

"Naiona!" Halafu kwa sauti kubwa zaidi, "Naiona, Fundi! Naiona!"

Mama Paskalina akapiga vigelegele. Ng'ombe wakageuza vichwa.

Nilizungusha mizunguko kama mitatu. Akaipoteza. Akasema, "Ilete karibu. Ipitishe hapa chini, niione vizuri."

Basi nikaileta. Nikaizungushia upande wa ziwani, nikashusha vipande vya mabawa ili ipunguze mwendo, nikaigeuza kwa nguvu ielekee kwetu, huku upepo unaisukuma kutoka ubavuni. Yaani servo zote sita zinafanya kazi kwa pamoja, kila moja inasukumana na upepo. Sikuwahi kuzipima hivyo hata siku moja.

Ikaacha kunisikia.

Nikavuta kulia, haikwenda. Nikavuta juu, hakuna. Mota ikanyamaza. Ikapita upande wetu wa kulia, juu ya kichwa cha Mama Paskalina, pua inashuka taratibu tu. Ikavuka kamwinuko. Ikatoweka. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda huko, hata kishindo hatukukisikia.

Nikageuka kumwangalia Bura.

Alikuwa bado ameangalia kwenye mgunga. Kiganja juu ya macho, anatabasamu.

"Mbona imenyamaza?"

Wakuu, mdomo wangu ulijibu kabla yangu. "Nimezima mota. Inaelea yenyewe."

"Iko wapi?"

Mama Paskalina alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Nikampungia mkono anyamaze. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Labda nilidhani nikipata dakika moja nitajua cha kusema.

"Juu ya mgunga," nikasema. "Pale pale."

Bura akainua kidevu. Akasogeza kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia. Mbingu ilikuwa tupu, hata kunguru hakuwepo.

Akasema, "Naiona."

Nilitaka ardhi inimeze. Siyo kwa sababu ya ndege.

Mke wake aliangalia juu. Akamwangalia mume wake. Akaangalia juu tena. Nikaona usoni kwake anahesabu, miezi yote ile, kila aliposema naona. Akamsogelea, akamuuliza kwa upole sana, "Baba Paskalina, unaiona wapi?"

Bura akashusha mkono.

Halafu akauliza, "Imeanguka?"

Nikasema, "Imeanguka."

"Saa ngapi?"

"Kabla hujaniuliza."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mbao zimepinda. "Basi twende tukaichukue."

Mama Paskalina alimshika mkono mpaka ukingoni. Alimshika mkono mume wake, mchana kweupe, malishoni, na yeye hakumkatalia. Hapo nikajua mambo yamebadilika.

Ilikuwa korongoni. Bawa moja limevunjika, pua imeingia kwenye mchanga. Betri bado imechomekwa. Taa ya receiver inawaka vizuri kabisa. Nikatoa mita mfukoni huku magoti yamezama kwenye matope.

Volt tano.

Moto upo.

Kama kungekuwa na waya uliokatika ningepata amani. Kila kitu kilikuwa kizima. Ndiyo ubaya wa tatizo hili, wakuu. Umeme ukizidiwa unashuka, receiver inazimika, mzigo ukiondoka unarudi kama hakuna kilichotokea. Ukija na mita yako unakuta kila kitu kipo.

Jumatatu Bura akaja kibandani mwenyewe, kwa bajaji, tangu ile Jumamosi hakutembea tena peke yake barabarani. Akasema, "Nataka kujua."

Tukaiweka Korongo mezani, bawa moja zima, la pili limefungwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Nikafunga nyaya za mita pale pale nilipopimia siku zote. Tano. Nikamwambia, "Shika hivi vipande kwa mikono, uvizuie. Uwe upepo."

Akavishika. Vingine nikavibana kwa mbao na viwiko vyangu. Nikasukuma vijiti vyote vya rimoti kwa pamoja.

Servo zikaguna. Mita ikaenda nne na kitu. Tatu na kitu. Taa ya receiver ikazima.

Bura akasema kabla sijasema mimi, "Zimenyamaza."

"Zimenyamaza."

"Ngapi?"

"Imeshuka chini ya tatu na nusu, halafu imezima."

"Niachie?"

"Achia."

Akaachia. Taa ikawaka. Mita ikapanda, ikatulia kwenye tano.

"Sasa hivi inasemaje?"

"Tano."

Mikono yake ilibaki juu ya bawa. Nje bodaboda zinapiga honi, mteja mmoja akachungulia nikamwambia arudi baadaye.

Halafu akasema, "Fundi, jicho la kushoto halipo. Tangu kabla ya Pasaka."

Pasaka ilikuwa imepita muda mrefu. Nilijaribu kukumbuka ni asubuhi ngapi nimesimama mlangoni kwake nikauliza, nikajibiwa, nikaondoka. Nikashindwa. Nikalia pale kibandani bila aibu yoyote, na yeye akanisubiri nimalize.

Mama Paskalina alikuja kesho yake. Hakuketi. Kwa kawaida ananiita Baba Ester kwa utani, anavuta sauti. Siku hiyo hakuvuta.

"Baba Ester, ulijua kwamba hospitali hawakusogeza tarehe?"

"Nilijua, Mama."

"Ukanywa chai yangu miezi yote hiyo."

Akaondoka. Sina la kujitetea. Baada ya hapo salamu yangu aliiitikia kama anavyomwitikia mtu wa njiani, na chai ikakoma.

Hospitali tulikwenda wote watatu. Daktari alimpima kwa muda mrefu. Akasema la kushoto halina la kufanya. La kulia watafanya upasuaji, lakini kilichobaki ni kidogo. Alisema laiti angemwona tarehe ile ya kwanza. Hakusema kwa ukali, ndiyo maana iliuma.

Walifanya. Leo hii Bura anatofautisha mwanga na kivuli. Anajua dirisha liko wapi. Akikukaribia sana anajua kuna mtu.

Kwenye basi la kurudi nilikaa naye, Mama Paskalina amesinzia kiti cha mbele. Nilikuwa na swali tangu ile Jumamosi. Nikamuuliza, "Kaka, ile naiona ya kwanza. Ile ya kupiga kelele. Uliiona kweli?"

Akaelekeza uso dirishani, kwenye jua.

"Na wewe, ile ya juu ya mgunga, ulikuwa unaiona?"

Mpaka leo sijui, na nimekubali kwamba sina haki ya kujua.

Sasa somo, maana niliahidi jukwaa la teknolojia.

Usipime umeme wa receiver na servo zikiwa zimekaa bure. Funga mita, halafu zibebeshe servo zote kwa pamoja, zizuie kwa mkono, ziache zihangaike. Hapo ndipo utaijua BEC yako. Hesabu ampea za kila servo ikiwa imezuiwa, jumlisha, na uchukue BEC inayozidi hapo, ya zile zisizogeuza umeme kuwa joto. Kwenye ndege kubwa ni bora kabisa receiver na servo ziwe na betri yake peke yake, ili mota ikila ya kwake isimnyang'anye mwenzake. Na karatasi ya kifaa isome, halafu uitii. Mimi niliisoma.

Na neno "upo" lisiwe kipimo.

Siku hizi nikipita Bagara bado nauliza hivyo hivyo, maana ndiyo salamu yetu. "Upo?" Anajibu, "Nipo." Ila siondoki. Naingia, navuta kigoda, nakaa. Vigoda ndivyo anavyotengeneza sasa, milango ameacha, anasema mlango unataka mtu anayeona pembe. Anapiga msasa, mimi nakaa. Mara nyingi tunataniana tu. Lakini kuna siku, baada ya robo saa hivi, anasimamisha mkono na kusema, "Leo sipo, Fundi."

Basi siku hiyo sifungui kibanda mapema.

Wiki iliyopita Mama Paskalina aliniwekea kikombe cha chai juu ya benchi. Nilikunywa kikiwa cha moto hivyo hivyo, niliogopa asije akabadili mawazo.

Korongo tumeiunga. Bawa jipya amechonga Bura, kwa vidole. Ni zuri kuliko la kwanza, sisemi kwa huruma. Nimeweka betri ya receiver ya peke yake. Nimezibebesha servo zote robo saa nzima, yeye akiwa upepo, mita haikutikisika. Tunangoja siku isiyo na upepo.

Na hapa ndipo ninapohitaji wakuu wenye ujuzi. Bura anataka nifunge honi ndogo tumboni mwa ndege, ya kulia muda wote ikiwa angani, isikike mpaka chini hata ndege ikiwa mbali. Je, honi hiyo niilishe kutoka betri ya receiver, au niipe betri yake? Inakula ampea ngapi ikilia mfululizo? Kuna aliyewahi kujaribu?

Andikeni hapa chini, hata mwenye kunilaumu aandike. Kila comment nitamsomea Bura mwenyewe, neno kwa neno, siruki. Pole msiweke nyingi, hazipendi. Wekeni majibu ya honi.

Nilimuuliza honi ya nini, wakati mimi nitakuwa pembeni yake namwelekeza. Akasema safari hii anataka kujua iko wapi bila kuniuliza mimi.